Mama Nakeno, Aliyesoma Fomu Kuanzia Nyuma

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni 2013, Mama Nakeno Lomuria anastaafu akiwa na umri wa miaka sitini, baada ya kuutumikia Mfuko wa Kawalase hapa Lodwar kwa miaka ishirini na saba na miezi tisa. Katika muda huo amefanya kazi chini ya wakurugenzi sita, amehama ofisi mara tatu, na amechelewa kazini mara mbili tu, zote zikiwa siku ambazo mto ulifurika. Hata hizo mbili aliandika barua ya kuomba radhi. Nimeziona kwenye faili.

Wahariri wa jarida letu waliniomba mimi, Omollo, niandike wasifu huu kwa sababu meza yangu imetazamana na yake kwa miaka minne. Wapo waliomjua kwa muda mrefu zaidi. Nadhani nilichaguliwa kwa sababu nyingine, nayo nitaieleza mbele kidogo, maana haina sifa yoyote kwangu.

Mama Nakeno alizaliwa upande wa Nariokotome, akasoma shule ya misheni, na Septemba 1985 akaajiriwa hapa kupiga taipu. Enzi hizo Mfuko ulikuwa chumba kimoja, taipureta moja na friji ya mafuta ya taa ambayo, wazee wanaapa, haikuwahi kugandisha kitu. Alisomea uhasibu kwa njia ya posta. Vitabu vilitoka Nairobi hadi Kitale, kisha vikapanda lori. Karatasi za mtihani wake wa mwisho zilifika zimelowa chapachapa. Zikaanikwa juu ya bati la ofisi, zikawekewa mawe, naye akaufanya mtihani huo ukiwa mkavu kama samaki wa Kerio. Alifaulu. Mwaka 1991 akawa afisa wa ruzuku, na mwaka 2003 mkuu wa dawati la ruzuku, cheo anachokiacha Ijumaa.

Kwa wageni watakaosoma hapa: Mfuko wetu hutoa ruzuku kwa vikundi na mashirika yanayofanya kazi Turkana. Kila mwaka, kila mpokeaji hutuletea nakala ya ritani yake, yaani ile fomu ya serikali inayoeleza mapato, matumizi, mishahara, ushuru na majina ya viongozi. Kazi ya dawati la ruzuku ni kuzisoma fomu hizo na kuishauri kamati nani apewe, nani aongezewe na nani aachwe. Ukiisikia hivyo utasema ni kazi ya kikokotoo. Mimi nilisema hivyo, tena kwa sauti, wiki yangu ya kwanza.

Mama Nakeno alizisoma fomu akiwa amesimama. Alisema joto la Lodwar la saa nane likimkuta mtu amekaa, mtu huyo hukubali kila kitu. Siku ya wakaguzi wa hesabu alivaa shanga zake zote shingoni juu ya blauzi ya ofisi, na mkaguzi mmoja kutoka Nairobi alipomwuliza kama kuna sherehe, alimjibu kuwa ipo, wewe ndiye mgeni rasmi. Chai yake ilikuwa na sukari ya kutosha kuwalewesha nyuki. Na kalamu yake nyekundu hakumwazima mtu. Ukiomba kalamu alikupa ya buluu, akikuangalia machoni mpaka uirudishe.

Jambo lililotushangaza wote ni kwamba alianza kusoma fomu kwenye ukurasa wa mwisho. Sisi wenye stashahada tulianza mbele, kwenye jumla. Yeye alianza nyuma, penye majina ya wajumbe wa bodi na anwani zao. Halafu alirudi penye mishahara, akaangalia anayelipwa juu kabisa na anayelipwa chini kabisa, na umbali kati yao. Halafu kodi ya nyumba, na inalipwa kwa nani. Jumla alizifikia mwisho, kama mtu anayemaliza ugali kabla ya kuonja mboga. Nilimwuliza sababu. Alisema tarakimu za mbele zimepambwa kwa ajili yetu, lakini huku nyuma watu huandika bila kujipodoa.

Sasa nieleze kisa changu.

Mnamo Juni 2012 nilikabidhiwa fomu arobaini na tatu nizipange kwa alama, za juu hadi za chini, kabla ya kikao cha kamati cha Alhamisi tarehe 21. Nilitengeneza jedwali zuri sana kwenye kompyuta. Kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni kuacha. Nilijiona bingwa, haki ya Mungu. Chini kabisa, kwa rangi nyekundu, kilikaa kikundi cha Kakuma kiitwacho Chungu Kimoja.

Chungu Kimoja ni shule ndogo ya asubuhi iliyoko pale kwenye kambi ya wakimbizi, inayoendeshwa na kina mama wa Sudan Kusini pamoja na kina mama wa Kiturkana wa mji wa Kakuma. Watoto mia mbili na kumi na wawili husoma na kunywa uji. Tuliwapa shilingi laki tisa kwa mwaka, na hawakuwa na mfadhili mwingine. Fomu yao ilisema hivi: wafanyakazi, sifuri, mishahara, sifuri, gharama za utawala, asilimia sitini na sita. Akiba, hakuna. Tena ilikuwa imechelewa wiki tano. Jamani, ni nani angesoma hayo asiseme ni shirika la mkobani, lile ambalo lote linaingia kwenye begi la mwenyekiti? Sikungoja kamati. Nilimpigia simu mwenyekiti wao, Mama Nyariek Kuot, nikamweleza kwa heshima kwamba huenda ruzuku ikakoma mwisho wa mwezi.

Mama Nyariek akasema, bila hasira: "Sawa. Lakini wewe ndiyo utakuja ambia watoto."

Nilikata simu nikiwa na uhakika wangu. Mama Nakeno alikuwa amesimama pale pale na fomu zake, na alikuwa amesikia. Hakunigombeza. Aliomba fomu ya Chungu Kimoja, akaigeuza nyuma, akasoma majina ya bodi. Wajumbe watano, wanne kati yao wanawake, wote anwani Kakuma. Akasema Jumanne tunapanda basi.

Tulipanda basi, tena kwa nauli yake, kwa sababu safari hiyo haikuwa kwenye bajeti. Njiani, tulipongoja gari la polisi la kutusindikiza, alitoa kwenye mkoba wake fomu kuukuu iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ya kikundi cha wanawake wakaushaji wa samaki kule Kerio, ya mwaka 1994, na ilikuwa na mstari mwekundu wa mshazari. Mstari huo aliupiga yeye. Kosa lao lilikuwa kuchelewesha ritani kwa miezi minane. Baada ya ruzuku kukatwa, ghala lao lilifungwa, na ndipo alipogundua kwamba fomu ilikuwa imekaa muda huo wote kwenye duka moja hapa Lodwar, ikimngoja mtu wa kuileta ofisini. Walikuwa wameijaza mapema kuliko wengi. Alinisimulia kwamba miaka kadhaa baadaye alikutana sokoni na mmoja wa wale wanawake, na mama yule akamsalimia vizuri tu, "Ejok," akaendelea na safari yake. Salamu hiyo, alisema, ilimuuma kuliko tusi. Kisha akaikunja fomu, akaniambia kosa moja haliachishi mke, lakini nikifanya la pili nitajua mwenyewe.

Tulifika Kakuma tukiwa weupe kwa vumbi. Mhazini wa Chungu Kimoja, Mwalimu Bior Chol, alituonyesha daftari zake, zimepigwa mistari kwa rula, hakuna hata senti iliyopotea. Mama Nakeno alizisifu, akazifunga. Alimwomba Mwalimu Bior jambo moja tu: amtajie kwa majina watu walioamka asubuhi ile kuja kazini pale. Bior akahesabu kwa vidole. Walimu saba, wapishi watatu akiwemo Mama Akeno wa pale mjini, na mlinzi. Kumi na mmoja.

Basi kwa nini fomu ilisema sifuri? Bior alishangaa kuulizwa. Wengi wao ni wakimbizi, alieleza, hawana kibali cha kuajiriwa nchini, wanapewa posho tu ya shilingi elfu nne na mia tano kwa mwezi. Hata Mama Akeno, mwenye nchi yake, hupokea posho hiyo hiyo bila barua ya kuajiriwa. Fomu iliuliza wafanyakazi walioajiriwa. Yeye ni Mkristo na ni mgeni katika nchi ya watu. "Hii ni karatasi ya serikali, mama. Mimi siwezi danganya serikali. Kuajiriwa hapana, hakuna mtu. Nikaandika sifuri." Zile posho zilipokosa mahali pa kukaa, alizitia kwenye sanduku lililobaki wazi, la utawala. Piga hesabu mwenyewe: watu kumi na mmoja, elfu nne na mia tano, miezi kumi na miwili. Ni shilingi laki tano na elfu tisini na nne. Asilimia sitini na sita ya laki tisa, haizidi wala haipungui.

Kwa hiyo zile gharama nilizozipaka nyekundu zilikuwa ndio walimu wenyewe. Mtu alikuwa mwaminifu mpaka uaminifu wake ukafanana na wizi, nami nilikuwa nimeketi Lodwar chini ya feni nikimpa alama. Niliona aibu, na sioni haya kuiandika hapa. Kumbe kulikuwa na mstari wa posho za wanaojitolea, ukurasa wa sita, kwa herufi ndogo. Mama Nakeno alimwonyesha Bior. Mimi nilijifanya naujua.

Alhamisi ile kwenye kamati, Mama Nakeno aliweka fomu mbili mezani, zote zimefunuliwa nyuma. Moja ilikuwa ya Chungu Kimoja. Nyingine ilikuwa ya shirika kubwa ambalo silitaji, lililokuwa juu kabisa kwenye jedwali langu, kijani kibichi, gharama za utawala asilimia saba. Bodi yake ilikuwa na wajumbe tisa, na hakuna hata mmoja aliyeishi kaskazini ya Kitale. Waturkana waliokuwa kwenye orodha ya mishahara walikuwa walinzi wawili na dereva, ingawa kwenye picha za ripoti walijaa tele. Mkurugenzi alilipwa shilingi laki tatu na nusu kwa mwezi, na mshahara huo ulikuwa umegawanywa vipande vipande na kutiwa ndani ya miradi, kila mradi kipande, ndiyo maana utawala ukaonekana mwembamba. Hakuna sheria iliyovunjwa, alisisitiza. Usione vyaelea, vimeundwa. Wao walikuwa na uwezo wa kumlipa fundi wa kuunda. Mshahara wa mwezi mmoja wa mkurugenzi yule ungewalipa wale kumi na mmoja wa Kakuma kwa miezi saba na chenji ibaki.

Aliiambia kamati kwamba unadhifu wa fomu hununuliwa, na sisi tumekuwa tukiwapa fedha wale ambao tayari wanazo za kununua unadhifu. Alisema kikundi kisicho na akiba si lazima kiwe kizembe. Huenda hakuna mfadhili aliyewahi kuwapa cha kubakiza. Alisema kuchelewa kuna barabara ndani yake. Na akasema sifuri kwenye fomu ni swali la kwenda kuuliza, na sisi tulikuwa tumelifanya jibu. Mwenyekiti wa kamati alimwuliza kama yuko tayari kuweka sahihi yake chini ya maneno hayo, mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Alivuta karatasi akaweka. Nami nikasimama kueleza kwamba lile jedwali lilikuwa langu na lilikuwa limekosea.

Ningependa kuandika kwamba kamati ilipiga makofi. Haikupiga. Chungu Kimoja walipewa laki saba, si laki tisa, mpaka ritani irekebishwe. Shirika kubwa lilipata chake chote bila kuulizwa neno. Uji wa Kakuma ukashuka kutoka siku tano hadi nne kwa wiki. Mama Nakeno alitoka kwenye kile kikao amevimba kwa hasira, akapita mezani kwangu, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ofisi hii akakaa kusoma fomu.

Lakini hakukaa sana. Kati ya Julai na Novemba aliandika ukurasa mpya, mmoja tu, ambao kila anayeomba ruzuku kwetu huujaza pamoja na ritani yake. Una maswali manne kwa Kiswahili chepesi. La kwanza linasema: Ni nani anayeamka asubuhi kuifanya kazi hii, na anaishi wapi? Andika majina. Wakurugenzi wa mashirika makubwa walilalamika. Mmoja alichukua wiki tatu kulijibu swali hilo. Mwalimu Bior naye aliogopa, kwa sababu mkimbizi hapendi jina lake lizunguke kwenye makaratasi, na Mama Nakeno alirudi Kakuma mara mbili kumhakikishia kwamba ukurasa huo unabaki kwenye kabati letu na ufunguo anao yeye. Hata hivyo Bior hakuahidi kitu. Bila ukurasa huo, kamati isingerudisha zile laki mbili, na Mama Nakeno alikuwa akihesabu miezi iliyombakia.

Bahasha ya Kakuma ilifika kwa basi Jumanne tarehe 11 mwezi huu. Ritani ilikuwa imewahi. Posho zilikuwa kwenye mstari wake, ukurasa wa sita. Na kwenye ukurasa wetu, chini ya swali la kwanza, yalikuwapo majina kumi na moja kwa mwandiko wa rula wa Mwalimu Bior, kila mmoja na anapoishi. Chini ya la mlinzi liliongezwa la kumi na mbili: Nakeno Lomuria, Lodwar.

Mama Nakeno alilisoma akiwa amesimama. Alilisoma tena. Kisha alichukua kalamu nyekundu, akalikata jina lake, akatia herufi za kwanza za jina lake pembeni kama kanuni inavyotaka, na kusema kwamba hajawahi kuamka hata asubuhi moja kuifundisha shule ile wala kuikorogea uji, na fomu haidanganywi hata kwa mapenzi. Alinipa bahasha niiingize kwenye orodha. Halafu akaenda kunawa uso, na akachukua muda mrefu kuliko uso unavyohitaji.

Nilimpigia Mwalimu Bior kumweleza kwamba jina lile limekatwa, kwa sababu ni haki yake kujua. Alikasirika kweli. "Hiyo siyo uongo, Omollo. Yeye ameamka." Nilimwambia ukaguzi ni ukaguzi. Akaniuliza, basi mwaka ujao je, akiwa si mtu wa ofisi tena? Nikamjibu kama ambavyo mkuu wangu angejibu: itategemea ameamkia wapi.

Alhamisi iliyopita, tarehe 20 Juni, kamati iliwarudishia Chungu Kimoja laki tisa zao kamili. Uji unarudi siku tano kuanzia Julai. Mama Nyariek nilimpigia mwenyewe, safari hii nikiwa na habari ya kuwaambia watoto, na akanijibu nije niwaambie kwa mdomo wangu, kama tulivyoagana mwaka jana. Nitaenda Jumatano.

Dawati la ruzuku nimekabidhiwa mimi. Mama Nakeno ameniachia ufunguo wa kabati, ile fomu ya Kerio iliyokunjwa mara nne, na kalamu nyekundu, ambayo ameniambia niitumie kwa nadra. Wafanyakazi wote wa Mfuko wa Kawalase tunakushukuru, mama, kwa miaka hii yote, kwa chai tamu kupita kiasi, na kwa kutufundisha kugeuza karatasi. Tunakuombea afya, mvua ya kiasi huko Nariokotome, mbuzi wanaozaa mapacha, na uzee wa kulala mpaka jua lichomoze. Lakini ukijikuta umeamka mapema, na miguu ikakupeleka Kakuma, tuletee habari. Mstari wa kumi na mbili nimeuacha wazi.